Barabara ni ya Nani? Historia ya Biryogo, Kutoka Kambi ya Waswahili hadi Mtaa Usioingia Magari



Katika masomo yetu ya uraia tumekwisha kuzungumza juu ya kura, kodi na katiba. Leo nakuomba tushuke kutoka kwenye mambo hayo makubwa, tutazame jambo ambalo watu wengi hulidharau: gari lililosimama kando ya barabara, mbele ya nyumba ya watu. Nani ameliruhusu lisimame pale? Litakaa kwa muda gani? Na kama halitakiwi, nani ana haki ya kuliondoa? Haya ni maswali madogo kwa sura, lakini ndani yake mna swali kubwa ambalo kila mji hulijibu kwa namna yake: barabara ni ya nani?

Ili kulijibu, nitakupeleka Biryogo, mjini Kigali. Biryogo ni kata ndogo katika wilaya ya Nyarugenge, kwenye mteremko unaoelekea Nyamirambo ukitoka katikati ya mji. Ni mahali ambapo utakisikia Kiswahili kikizungumzwa pamoja na Kinyarwanda, utasikia adhana, na utaona watu wameketi nje wakinywa chai katikati ya njia ambayo zamani ilikuwa ya magari. Nimechagua mtaa huu kwa sababu moja. Nijuavyo mimi, ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizotawaliwa kwa amri za barabarani kama Biryogo. Na amri ya kwanza haikuwa juu ya magari. Ilikuwa juu ya watu.

Tuanze na maneno

Mwanafunzi mzuri huanza kwa kuuliza neno limetoka wapi. Neno "gari" tumelipata kutoka Bara Hindi, ambako lilimaanisha chombo cha magurudumu kinachokokotwa na wanyama. Neno "kuegesha" lina historia ya pwani. Kabla ya kuegesha gari, wazee wetu waliegesha vyombo vya baharini: kuegesha jahazi ni kulisogeza karibu na bandari au ufuko ili watu washuke na mizigo ipakuliwe. Kwa hiyo ndani ya neno "maegesho" mna wazo la mgeni aliyefika, akasogea karibu, na ambaye baadaye ataondoka. Jahazi halikai bandarini milele. Likikaa mno, huwazuia wengine.

Nalo neno "barabara" lina mtego kwa anayejifunza. Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra, tunapata njia kubwa. Ukiwekwa kwenye silabi ya pili, ba-RA-ba-ra, tunapata maana ya sawasawa kabisa, bila kasoro. Tamka maneno yote mawili kwa sauti mpaka sikio lako lizoee. Kisha jiulize kama barabara za mji wako ni barabara.

Msafara na kituo chake

Kabla ya gari palikuwa na msafara. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapita Tabora hadi Ujiji na maziwa makuu, ikibeba nguo, shanga na bunduki, na kurudi na pembe za ndovu; na mara nyingi, kwa aibu ya historia yetu, ikirudi na watu waliotekwa. Msafara ulikuwa na mamia ya watu, na kila jioni ulihitaji mahali pa kutua. Lakini hauwezi kutua popote. Kila ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo alidai hongo, yaani ushuru wa kupita na kupumzika. Angalia neno hilo: leo "hongo" ni rushwa, bali zamani lilikuwa ni malipo ya wazi ya kupata ruhusa. Ukitaka kujua ada ya kwanza ya maegesho katika bara letu, itafute hapo.

Rwanda ilikuwa na msimamo mkali zaidi. Wafalme wake hawakuruhusu misafara ya wafanyabiashara kuingia na kuzunguka nchini ipendavyo, na biashara ya pwani ilibaki zaidi kwenye mipaka ya ufalme. Katika mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda na msafara wake, akamkuta mfalme Kigeri IV Rwabugiri. Miaka michache baadaye nchi ikawa chini ya utawala wa Wajerumani, na pamoja nao wakaja askari, wakarani, wakalimani na wachuuzi waliozungumza Kiswahili.

Mwaka 1907 daktari na mpelelezi wa Kijerumani, Richard Kandt, aliteuliwa kuwa mkazi mkuu wa serikali yake nchini Rwanda, na mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa mji wa Kigali. Nyumba inayokumbusha makazi yake leo ni makumbusho. Mji ulipoanza kuwa kituo cha biashara, Waarabu, Wahindi na Waswahili walikuja kufungua maduka. Mwaka 1913 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kujengwa kwa msikiti wa kwanza, Al-Fath, huko Nyamirambo. Msafara ulikuwa umepata kituo cha kudumu.

Amri juu ya watu

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani kutoka Rwanda. Watawala wapya hawakuwatazama Waislamu kwa jicho jema. Hawa walikuwa watu wa mjini, wenye lugha iliyovuka mipaka na dini ambayo haikuwa ya wamisionari. Na isitoshe, walikuwa wamewatumikia Wajerumani. Katika miaka ya 1920 Wabelgiji waliwatengea mtaa wao. Mtaa wa namna hii uliitwa kambi ya Waswahili, na Biryogo ndiyo kambi iliyojulikana zaidi mjini Kigali. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mtaa wa Buyenzi ulikuwa ndugu yake.

Neno "kambi" si neno la nyumbani. Kambi ni mahali pa askari, pa wakimbizi, pa wasafiri wanaolala usiku mmoja; ni mahali pa mtu anayetarajiwa kuondoka. Kumwita mtu mkazi wa kambi katika mji aliozaliwa ni kumwambia kwamba yeye bado ni mgeni. Na maisha yalifuata neno. Mkazi wa kambi alihitaji kibali cha watawala ili kutoka kwenda kuwatembelea watu mahali pengine, na aliyetaka kuingia kuwatembelea wakazi naye alibanwa. Barabara ilikuwepo, na miguu ilikuwepo, lakini haki ya kuiweka miguu juu ya barabara ilikuwa mikononi mwa ofisa.

Lugha nayo ikabeba jeraha. Katika Kinyarwanda, kumwita mtu Mswahili kulikuja kumaanisha Mwislamu, awe ametoka pwani au amezaliwa kilimani hapo hapo. Kisha neno likapata kivuli cha dharau, likatumiwa kwa mtu mjanja, asiyeaminika. Wewe unayejifunza lugha hii ujue jambo hilo, kwa sababu mwalimu anayefundisha neno bila historia yake humpa mwanafunzi kisu bila ala.

Usidhani kwamba hali hii ilikuwa ya Rwanda pekee. Katika makoloni mengi ya Afrika, mji uligawanywa kwa barabara: huku Wazungu, huku Wahindi, huku Waafrika, na baina yao uwanja mtupu. Nairobi ilikuwa na kipande, yaani kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Kote huko barabara ya umma haikuwa ya umma. Ilikuwa ya mwenye karatasi.

Karatasi na vizuizi

Mnamo miaka ya 1930 Wabelgiji walileta karatasi nyingine: kitambulisho kilichoandikwa kabila la mwenyewe. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ikafanywa mji mkuu, ingawa ilikuwa bado mji mdogo wa watu elfu chache. Mipaka ya zamani ya kambi ilianza kufifia, kwani mji ulikua ukaizunguka Biryogo pande zote. Lakini kitambulisho chenye kabila hakikufutwa.

Hapa sina budi kusema jambo zito, na nitalisema kwa ufupi na kwa heshima. Mwaka 1994, katika siku zipatazo mia moja za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, barabara za Rwanda zilijaa vizuizi. Mtu alisimamishwa, akaulizwa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa juu ya karatasi likaamua kama atafika upande wa pili. Haijatokea katika historia ya eneo letu mfano wa kutisha zaidi wa maana ya kumiliki barabara. Katika siku hizo hizo, miongoni mwa Waislamu wa Rwanda, na Biryogo ikiwemo, walikuwepo majirani waliowaficha majirani, na ushuhuda wao umeandikwa na watafiti. Haimaanishi kwamba hakuna Mwislamu aliyeshiriki katika uovu, wapo walioshiriki. Inamaanisha kwamba mtaa uliojengwa ili kuwatenga watu ulikuwa pia mtaa ambamo watu walijuana mlango kwa mlango, na kujuana huko kuliokoa maisha.

Baada ya mauaji hayo serikali mpya iliondoa kabila kwenye vitambulisho. Katiba iliyopitishwa mwaka 2003 ikaandika haki ambayo babu wa Biryogo hakuwa nayo: kila Mnyarwanda ana haki ya kwenda popote nchini mwake na kukaa popote atakapo. Na mwezi wa Februari 2017 bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha ya kambi ikaingia bungeni.

Amri juu ya magari

Sasa tugeukie magari. Wengi hudhani kwamba sheria za kuzuia magari ni uzushi wa siku hizi. Sivyo. Sheria ya Roma iliyohusishwa na Julius Caesar, ya mwaka 45 kabla ya Kristo, ilikataza magari ya kukokotwa kutembea ndani ya mji tangu macheo hadi saa kumi ya mchana. Nawe unayejifunza Kiswahili utaielewa saa hiyo upesi kuliko Mzungu, maana Warumi nao, kama sisi, walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Palikuwa na ruhusa maalumu, kwa mfano kwa magari yaliyobeba vifaa vya kujengea mahekalu. Kanuni ya kuzuia na kuruhusu ilizaliwa siku moja.

Gari la injini lilipoenea katika karne ya 20, tatizo lilibadilika. Gari la ng'ombe huenda zizini usiku. Gari la injini hubaki mlangoni. Tarehe 16 Julai 1935, katika mji wa Oklahoma City nchini Marekani, ilisimikwa mashine ya kwanza ya kupima muda wa maegesho: weka sarafu, upate dakika. Japani ikachukua njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1962, anayetaka kuandikisha gari sharti athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara. Fikiri maana yake: Oklahoma City walisema barabara inakodishwa kwa dakika, Japani walisema barabara si stoo ya mtu.

Kuna na magari ya aina nyingine, yale makubwa ya starehe ambayo ndani yake mna kitanda, jiko na choo. Waingereza huiita nyumba ya namna hii inayovutwa na gari karavani, na neno hilo, lenye asili ya Kiajemi, ndilo lile lile walilotumia kuita misafara ya Bagamoyo. Basi karavani imerudi, na ubishi wa zamani umerudi nao: itatua wapi, na kwa muda gani? Katika jimbo la California, sheria inaipa miji uwezo wa kuondoa gari lililokaa mahali pamoja barabarani kwa zaidi ya saa 72. Kwa tajiri anayeegesha karavani lake akisubiri likizo, sheria hiyo ni usumbufu mdogo. Kwa yule aliyeshindwa kodi ya nyumba, ambaye karavani ndiyo nyumba yake, sheria hiyo hiyo ni notisi ya kuhama kila siku tatu. Maneno ya sheria ni yale yale kwa wote wawili. Uzito wake si ule ule. Mkumbuke mtu huyu wa pili, kwa maana tutamhitaji tukirudi Biryogo.

Karibu na nyumbani, Lamu inatupa mfano wa mji ambao hauhitaji kukataza magari kwa kuwa ulijengwa kabla yake. Vichochoro vyake, kama vile vya Mji Mkongwe wa Unguja, vilipimwa kwa mabega ya watu na mizigo ya punda. Hata hivyo pikipiki zimeleta ubishi huko Lamu katika miaka ya karibuni, kwa sababu pikipiki hupita mahali ambapo gari haliwezi. Hapo ndipo mji uliokuwa ukilindwa na kuta zake unapogundua kwamba sasa unahitaji kanuni.

Biryogo yafunga njia

Kigali ya leo si mji wa watu elfu chache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555. Vilima ni vile vile, na barabara nyingi hazina pa kupanukia. Mwaka 2015 Jiji la Kigali lilifunga kwa magari sehemu ya barabara iliyo katikati ya mji. Kwa miaka kadhaa sehemu hiyo ilikuwa kama uwanja usio na mwenyewe: magari yamekatazwa, lakini kivuli, viti na shughuli za kuwavuta watu zilikuwa chache. Ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2022, ikapewa jina la Imbuga, neno la Kinyarwanda lenye maana ya uwanja. Kutoka mwaka 2016 jiji pia lilianzisha siku ya kuacha magari: asubuhi ya Jumapili, barabara kadhaa kubwa hufungwa, watu wakakimbia na kutembea, na wahudumu wa afya wakawapima bure shinikizo la damu na sukari.

Kisha likaja janga la UVIKO-19. Mikahawa ilifungwa, na iliporuhusiwa kufunguliwa, watu walitakiwa wakae mbali mbali na mahali penye hewa. Mkahawa mdogo wa Biryogo wenye meza nne ndani hauna pa kuzitawanya, isipokuwa mbele yake, barabarani. Ndipo mwaka 2021 sehemu ya mitaa ya Biryogo ikafungwa kwa magari. Lami ikapakwa rangi nyingi, mimea ikawekwa, meza na viti vikatolewa nje. Ugonjwa ulipopungua, meza hazikurudi ndani. Leo mgeni akifika Kigali huambiwa aende Biryogo akanywe chai na kula mishikaki na chapati, na wenyeji wenyewe hukaa pale jioni hadi usiku, wazee kwa vijana, bila pombe, wakizungumza.

Itazame njia hiyo kwa jicho la historia. Mahali palipokuwa na amri kwamba watu wasitoke bila kibali, sasa pana amri kwamba magari yasiingie. Mahali ambapo wengine walibanwa wasiingie kuzuru, sasa watu wa mitaa mingine huja kwa hiari, wakakaa kitako. Tukiishia hapo tutakuwa na hadithi nzuri, na ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini somo la uraia halimalizwi kwa hadithi nzuri.

Maswali matatu ya kuipima amri

Kila amri ya barabara, iwe ya kambi au ya maegesho, humzuia mtu fulani kwa faida ya mwingine. Hakuna amri isiyomzuia yeyote. Kwa hiyo usiulize tu kama amri ni nzuri. Uliza maswali matatu.

La kwanza: anazuiwa nani, na kwa uzito gani? Mtaa ukifungwa kwa magari, mwenye mkahawa hupata meza kumi. Lakini pana mkazi mwenye gari ambaye sasa lazima aliache mbali. Pana fundi anayehitaji wateja wafike na magari yao mlangoni. Pana mwenye duka la nafaka ambaye magunia yake hayawezi kubebwa kwa kikapu. Pana mgonjwa anayehitaji gari lifike kitandani kwake. Na pana mtaa wa jirani, ambako magari yaliyofukuzwa huenda kuegeshwa, kwa sababu gari likikatazwa hapa haliyeyuki. Hawa ndio wenzake yule mtu wa California. Amri njema huwahesabu: huweka saa za kushusha mizigo, hufungua njia kwa gari la wagonjwa na la zimamoto, na huwatafutia wakazi mahali pa kuegesha kabla ya kufunga, si baada.

La pili: nani aliamua? Kambi ya Waswahili haikuamuliwa na Waswahili. Hilo ndilo kosa lake la msingi, na hata kama ofisa Mbelgiji angekuwa mpole kiasi gani, kosa lingebaki. Rwanda ya leo ina ngazi za utawala zinazoteremka kutoka wilaya hadi tarafa, kata na kijiji, na ina mikutano ya wananchi, inteko y'abaturage, ambapo mkazi anaweza kusimama na kusema. Ngazi hizo zina maana pale tu zinapotumiwa. Barabara ikifungwa kwa mashauriano ya kweli, hata aliyeshindwa hoja huiheshimu. Ikifungwa kwa tangazo lililobandikwa asubuhi, hata anayefaidika hujiuliza kesho litabandikwa tangazo gani.

La tatu: je, amri inaweza kubadilishwa na wale wanaoishi chini yake? Hili ndilo linalotenganisha sheria na mnyororo. Rangi iliyopakwa juu ya lami inaweza kufutwa. Kiti kinaweza kusogezwa. Ni jambo jema kwamba mabadiliko ya Biryogo yalianza na vitu vinavyosogezeka, kwa maana kosa likionekana, linarekebishika. Kibali cha kutoka kambini hakikuwa na mahali pa kukatia rufaa. Mkazi aliyenyimwa alirudi nyumbani, akanyamaza.

Wako watakaosema kwamba ni kosa kulinganisha mambo haya mawili: kumfungia mtu mtaani na kulikataza gari. Wana haki. Mtu si gari. Kumnyima mtu njia ni kumvunjia utu. Kulinyima gari njia ni kulipangia chuma mahali pake. Silinganishi ili kusema kwamba ni sawa. Nalinganisha kwa sababu mamlaka yanayotumika ni yale yale, ya kusema nani apite na nani asipite, na mamlaka hayo ni kama moto wa jikoni: ndio unaopika chakula, ndio unaounguza nyumba. Mtaa ulioujua moto huo kwa kuungua una haki ya kuulizwa kabla haujawashwa tena, hata kama safari hii ni wa kuchemshia chai.

Nakuachia kazi

Ukipata nafasi ya kufika Biryogo, kaa kwenye kiti kilicho katikati ya njia, uagize chai kwa Kiswahili, na umsalimu mzee atakayekaa karibu nawe kwa shikamoo kama inakupasa. Chini ya miguu yako kuna rangi. Chini ya rangi kuna lami. Na chini ya lami kuna udongo ambao watu walikanyaga wakiwa na vibali mfukoni. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Barabara ya Biryogo imekwenda pole, tena kwa karne nzima, na hata hivyo ilijikwaa mara nyingi. Kazi ya raia ni kuangalia isijikwae tena pale pale.

Msamiati wa somo

Kuegesha: kusimamisha chombo mahali pamoja kwa muda.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa na mwenye mamlaka.
Kizuizi: kitu au kituo kinachowekwa njiani ili watu au magari yasipite.
Kambi: makazi ya muda ya askari, wasafiri au wakimbizi.
Mkazi: mtu anayeishi mahali fulani kwa kudumu.
Kichochoro: njia nyembamba baina ya nyumba.
Rufaa: maombi ya kutaka uamuzi uangaliwe upya na ngazi ya juu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya "kambi" na "mtaa". Kwa nini tofauti hiyo ilikuwa na uzito Biryogo?
2. Neno "hongo" limebadilika maana. Taja maneno mengine mawili ya Kiswahili yaliyobadilika hivyo.
3. Chukua barabara moja ya mtaa wako. Ukipewa uwezo wa kuifunga kwa magari, ungewashauri nani kwanza, na kwa nini?
4. Andika kanuni tano za maegesho ya mtaa wako, kila moja kwa sentensi moja. Kisha mpe jirani yako azisome, na uandike kanuni ambayo yeye ataikataa na sababu yake.